Ng'ombe Mmoja, Mikia Sita

Ramadhan alirudi kutoka Vugiri viatu mkononi, matope mpaka magotini, na jibu ambalo hakujua alitoe vipi. Na huyu ni mshenga mzoefu. Misima nzima, Wazigua kwa Wamasai, ukitaka kuoa unamtuma Ramadhan, kwa sababu ana maneno laini na hajawahi kurudi na hapana. Sasa hili halikuwa hapana. Ndio maana lilimsumbua.

Alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mzee Moreto, akapokea kikombe cha maziwa kutoka kwa Nasinkoi, mke wa mzee, akamaliza, akaomba kingine. Moreto akamwambia maziwa yapo, hayakimbii, aseme kwanza.

"Ng'ombe wamewakubali," Ramadhan akasema. "Wewe wamekukubali. Kijana kuwa Mmasai, jambo ambalo mimi nilijua ndio mlima wenyewe, wamekubali. Ila baba yake binti anataka Kilatini."

Moreto akauliza hicho kinauzwa wapi, Korogwe panatosha au mpaka Tanga mjini.

Ikabidi Ramadhan aeleze taratibu. Baba yake Hosiana, mwalimu Bernardo, alifundisha Kilatini kwenye seminari moja huko milimani mpaka somo likafutwa. Siku ya kumuaga walimpa ubao na madawati matatu, akavibeba mpaka nyumbani, akavipanga sebuleni. Tangu hapo hana wa kuongea naye. Mke wake alishakataa. Majirani wanalima tangawizi. Basi akaweka sheria: posa haizungumzwi kwake mpaka kwanza ayasikie majibu ya Kilatini cha mwanzo. Sio kingi. Nomino moja na mikia yake yote, na kitenzi kimoja kuanzia mimi mpaka wao.

"Na tukishindwa?" Moreto akauliza.

Hapo Ramadhan akakishika kile kikombe cha pili vizuri. Kuna mtu wa Masuguru, Korogwe mjini, mwenye duka la simenti na mabati. Naye anamtaka Hosiana. Na inasemekana yuko kitenzi cha pili. Wakati wa Kwaresima mwalimu hapokei wageni wa posa. Wa Misima wakishindwa, Pasaka ikipita anaingia wa simenti.

Kaika, kijana mwenyewe, alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi akisikiliza kila kitu huku anajifanya anafunga kamba. Alikuwa anampenda Hosiana, mwalimu wa shule ya msingi ya palepale Misima, mpaka maziwa ya kupeleka nyumba za walimu alikuwa anayabeba mwenyewe, wakati ana pikipiki na ana wadogo zake. Akaacha kamba, akatoa simu mfukoni, akaandika kwenye kutafuta: Kilatini kwa haraka.

*

Kwanza alimpata mzungu mmoja mwenye sweta anayechekacheka. Hosiana akamkataza, akasema huyo atampoteza, atamfundisha yeye mwenyewe. Lakini posa ikiwa njiani haifai waonekane wamekaa pamoja, kwa hiyo alikuwa anajifungia nyumba ya walimu, anarekodi sauti, anamtumia. Kutoka pale mpaka kwenye boma ukirusha jiwe linafika, ila Kilatini kilikuwa kinapitia mnara wa simu.

Kaika alikuwa anazisikiliza akichunga, sauti juu kabisa ili ishinde kengele za ng'ombe. Kwa hiyo na baba yake alikuwa anasikia, atake asitake.

"Neno moja lina mikia sita," sauti ya Hosiana ikasema siku ya kwanza, katikati ya mbuga. "Mkia unabadilika kutokana na neno linafanya nini au linafanyiwa nini."

Moreto akasema ng'ombe mwenye mikia sita hauziki, hata mnadani watamkimbia.

Kaika akamwambia baba, ni kweli ni kama ng'ombe, hebu ona. Ng'ombe kwa Kilatini ni vacca. Akiwa anafanya mambo yake mwenyewe, anakula, anakojoa, ni vacca. Ukimswaga, hapo unamfanyia wewe, anakuwa vaccam. Ndama wa ng'ombe, huyo ng'ombe mwenye ndama ni vaccae. Ukimpa ng'ombe chumvi, ni vaccae. Ukitoa maziwa kwake, ni vacca ila unavuta mwisho kidogo. Na ukimwita, vacca.

Mzee akatembea hatua kadhaa anafikiri.

"Mimi nimesikia mitatu," akasema. "Ukivuta mwisho, minne. Ile mingine imeliwa na fisi?"

Kaika akaizima ile sauti. Akarekodi swali, akalituma. Hosiana akalituma kwa dada yake, mke wa Mikaeli, fundi pikipiki wa Vugiri ambaye posa yake ilishapita kwenye ubao ule. Jibu likarudi jioni: ndivyo ilivyo, Warumi wenyewe walikufa hivyohivyo.

Kitenzi ndio Moreto alikipenda. Hosiana alichagua cha kutoa, maana kwenye posa ndio kinafaa: do, das, dat, damus, datis, dant. Natoa, unatoa, anatoa, mpaka wanatoa. Kaika akamwonyesha baba yake kwamba sisi mtoaji anatangulia, ni-natoa, u-natoa, lakini hawa mtoaji wanamweka nyuma kabisa, mwisho wa neno. Moreto akasimama, akaegemea fimbo. Akasema basi hao watu walikuwa wafugaji. Mkulima ndiye anatangulia mbele na jembe. Mchungaji anakaa nyuma ya mifugo.

Boma lote likaingia kwenye Kilatini. Nasinkoi alijaribu kukamua kwa do, das, dat, ng'ombe akabana maziwa, akarudi kwenye wimbo wake wa zamani. Ramadhan peke yake ndiye aliyekataa. Kila akipita alikuwa anacheka, anasema yeye kazi yake ni kubisha hodi na kusema maneno mazuri, hayo mengine ni ya muoaji. Kaika alikuwa ameiva. Ukimwamsha usingizini anaanza na vacca na hasimami mpaka dant.

*

Siku ya kwenda walikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nyuma walimpakia mtamba mmoja mwekundu, anaitwa Nanyokie, mzuri mpaka watu wa Korogwe stendi walikuja kumpiga picha. Sio kwamba ndio mahari, mahari ingefuata. Ila Moreto alisema hawezi kwenda kwa mtu mikono inaning'inia kama anaenda kuomba kazi.

Kupanda milima kulimtesa Nanyokie. Alikuwa hajawahi kuona ardhi imesimama. Kona zote aliegemea upande mmoja na kirikuu kikaegemea naye, na Kaika, aliyekaa nyuma kumshika, alikuwa amefumba macho anasema vaccam, vaccam, ungedhani ni sala. Walipofika Vugiri ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha. Moreto alijikaza ndani ya shuka. Ramadhan alivaa koti juu ya kanzu.

Mama yake Hosiana aliwapokea vizuri, shikamoo na marahaba zikaenda zikarudi, mtamba akafungwa kwenye mparachichi. Kisha akamgeukia Kaika, kwa upole kabisa, akamwonyesha benchi nyuma ya jiko. Akamwambia, "Wewe mwanangu subiri huku. Nitakuletea chai."

Kaika akasema asante, akaenda. Hatua ya pili akasimama. Akageuka akamtazama Ramadhan. Ramadhan naye alikuwa ameshaelewa.

Jamani. Kijana muoaji haingii kwenye kikao cha posa. Hili nani halijui? Wazigua wanajua, Wamasai wanajua, Washambaa wanajua. Ramadhan mwenyewe ameshawatoa nje vijana kibao kwenye vikao, akiwaambia huyu anayetajwa hatakiwi kusikia akitajwa. Anayeongea ni mshenga. Na wiki zote zile, kwenye boma zima, hakuna mtu hata mmoja aliyejiuliza sasa kule ubaoni atasimama nani. Walikuja kujua baadaye kwamba hata Mikaeli fundi pikipiki hajui Kilatini hata cha kuombea maji. Aliyefaulu ni mjomba wake, dereva wa lori la majani ya chai.

"Mzee mwenzangu," Ramadhan akanong'ona, "turudi nyumbani."

"Na mtamba nimrudishe ile milima?" Moreto akasema. "Ingia."

*

Sebule ilikuwa na makochi, lakini makochi yalikuwa ya watu waliofaulu. Wao walionyeshwa madawati. Yalitengenezwa kwa ajili ya watoto, Moreto ni mrefu, akakunja miguu mpaka magoti yakafika karibu na kidevu. Fimbo ilibaki mlangoni. Mwalimu Bernardo alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta la kijani, chaki iko tayari mkononi, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyekaa na njaa akasikia sahani zinagongana jikoni.

Ramadhan akasimama, akakohoa, akaanza kama siku zote. Kwamba wao ni watu wa heri, wametembea, wakapita karibu na ua huu, wakaona ua zuri limechanua bustanini, wakasema hebu waulize.

"Umeona ua," mwalimu akasema.

"Tumeona, mwalimu."

"Ua linaona au linaonwa?"

Ramadhan akafikiri. Akasema linaonwa.

"Basi mkia wake?"

Ramadhan akafunga kifungo cha koti. Nje jogoo akawika. Mwalimu akaandika MENSA ubaoni, akasema ni meza, rahisi kuliko yote, kila mtu anaanza na meza. Ramadhan akaitazama meza ya mle ndani, akatazama ile ya ubaoni, akasema Mungu ni mwema. Mwalimu hakukasirika. Alinyoosha kidole tu kwenye kona, karibu na kalenda. Na Ramadhan, mtu mzima mwenye wajukuu, mshenga asiyewahi kurudi na hapana, akaenda na kanzu yake akasimama anatazama ukuta.

Nyuma ya jiko Kaika alisikia meza ikiulizwa. Alikuwa na majibu yote sita mdomoni. Aliyameza na chai ya moto, akaungua.

"Mwingine," mwalimu akasema.

Moreto akaanza kuongea. Mwalimu akamwambia anyooshe mkono kwanza. Moreto, ambaye kwao akikohoa tu watu wanakaa chini, akaangalia ule mkono wake muda mrefu. Akamfikiria mwanawe kule nje. Akaunyoosha.

"Hiyo meza sijui mikia yake," akasema. "Kwangu sina meza. Niulize ng'ombe."

Chaki ikasimama hewani. Mwalimu akasema haya, ng'ombe.

"Siwezi kumsema nikiwa nimekaa. Na siwezi kumsema hayupo."

Mama Hosiana alitokea mlangoni, akamtazama mume wake, akajua kwamba hakuna la kufanya. Akaondoa vitambaa kwenye makochi. Akaisogeza televisheni. Nanyokie akaingizwa sebuleni, kwato zinateleza kwenye sakafu ya simenti iliyopigwa rangi nyekundu. Akasimama kati ya madawati na ubao, akaanza kula ua la plastiki.

"Vacca," Moreto akasema, akimwonyesha anavyokula. Akazunguka nyuma, akamsukuma kidogo. "Vaccam." Mwalimu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Moreto akashika hewa mahali ambapo ndama angekuwepo kama angekuwepo, akasema vaccae. Akampa chumvi ya mezani, vaccae, na akasema hapa na mimi nalalamika, huu mkia umerudiwa. Mwalimu akasema hata yeye amelalamika maisha yake yote. Moreto akainama kwenye chuchu ambazo bado hazina maziwa, akavuta mwisho vizuri kabisa. Vaccaa.

"Bado mmoja," mwalimu akasema. "Sasa mwite."

Moreto akampapasa Nanyokie mgongoni.

"Unamwita. Ewe ng'ombe. Ni neno lilelile la kwanza, mzee wangu, umeshalisema. Sema umalize."

Kwenye kona Ramadhan aligeuza shingo. Nyuma ya jiko Kaika alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Siwezi," Moreto akasema.

"Unalijua."

"Nalijua. Lakini mimi sijawahi kumwita ng'ombe wangu ewe ng'ombe. Ana jina. Anaitwa Nanyokie. Mama yake nilimwita kwa jina, na bibi yake. Hawa watu wako walikuwa na ng'ombe wangapi hata wakawa hawawajui majina?"

Mwalimu akamwambia ni mtihani tu. Moreto akasema kwake sio mtihani, ng'ombe anasikia. Mwalimu akamsihi, kweli alimsihi, akamwambia anong'one basi, au aseme akiwa amegeukia ukuta pamoja na mshenga. Moreto akakataa. Na mwalimu Bernardo, uso umemshuka kama mtu anayefunga duka lake mwenyewe, akaandika tano juu ya sita ubaoni, na chini yake akaandika: hajafaulu. Sheria ni sheria. Mtu wa Masuguru angekuja Pasaka ikipita.

*

Moreto hakubisha. Akaokota ile kamba ya mtamba sakafuni, akaizungusha kwenye mkono mara moja, akaifungua tena. Halafu akaiweka kwenye kiganja cha mwalimu, juu ya chaki.

"Huyu sio mahari," akasema. "Mahari umeshaandika pale ubaoni imeisha. Huyu ni wako wewe. Nimekuja naye kwako, siondoki nimeshika kamba. Ila ukimpokea, jina lako limeisha kwangu."

Mwalimu akauliza jina limeisha vipi.

Moreto akamweleza, na alieleza polepole maana sasa yeye ndiye alikuwa anafundisha. Kwao mtu akikupa mtamba, hamwitani tena majina mliyopewa na baba zenu. Yeye hatamwita Bernardo, wala mwalimu, mpaka mmoja afe. Atamwita Pakiteng. Na mwalimu naye atamwita yeye Pakiteng. Ni jina moja la watu wawili, na ng'ombe yuko katikati.

Mwalimu Bernardo aliitazama kamba, akamtazama mtamba na lile ua la plastiki linaloning'inia mdomoni. Mkono wa pili ukaenda wenyewe kwenye ubao. Akaandika PAKITENG. Akapiga mistari sita chini yake.

"Nikisema Pakiteng amekuja?"

"Pakiteng."

"Nikisema nimemwona Pakiteng?"

"Pakiteng."

"Fimbo ya Pakiteng? Nimempa Pakiteng chai?"

"Pakiteng. Na hiyo chai bado hujanipa."

"Nikichukua kitu kutoka kwako?"

"Ukichukua kwangu ndio Pakiteng kabisa."

Mwalimu akabaki na chaki kwenye mstari wa sita, ule wa kuita. "Haibadiliki popote," akasema.

"Ishabadilika mara moja," Moreto akasema. "Inatosha. Sasa Pakiteng, nina shida. Nina kijana yuko nyuma ya jiko lako, anamtaka binti yako. Na kwetu Pakiteng hampi Pakiteng mtihani."

Mwalimu alikaa. Alikaa kwenye dawati, sio kwenye kochi, magoti yake nayo yakapanda juu. Moreto naye akajibana tena kwenye lake. Mwalimu akanyoosha mkono, akafuta ubao kwa kiwiko cha sweta, tano juu ya sita ikaenda, hajafaulu ikaenda, ikabaki vumbi. Akasema kitu kidogo, chini chini, kama mtu anayeongea na ndugu yake.

"Filiam do."

Ramadhan kwenye kona akauliza amesemaje.

"Filia simjui," Moreto akasema. "Ila mkia wake ni wa anayeswagwa. Na mwenye kutoa yuko nyuma, ni yeye mwenyewe. Kuna kitu anatoa." Akafikiri, kisha akasimama, dawati likasimama naye. "Mshenga, toka kwenye kona."

*

Kaika aliitwa ndani. Aliingia amenyooka, mikono nyuma, macho kwenye ubao, anasubiri swali. Wiki zote zile zilikuwa zimepangana kichwani mwake kama soda kwenye kreti. Mwalimu akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza kama ameshakula. Kaika akasema bado. Akaambiwa akae ale.

Walifunga ndoa kabla ya Kwaresima, ukungu ukiwepo. Yule wa Masuguru alileta mifuko ya simenti kama zawadi, na kwenye sherehe akasema kitenzi cha pili mbele ya watu bila kuombwa, watu wakampigia makofi.

Sasa hivi Hosiana yupo Misima, Nanyokie yupo Vugiri, ameshazoea mlima. Kila jioni simu ya Moreto inaita. Ni mwalimu, anataka kusema mtamba amekula nini, amelala upande gani, kwamba leo amemwita kwa jina na amegeuka. Wanaongea mpaka salio linakata, anapiga tena.

Juzi Kaika alivumilia mpaka akashindwa. Baba yake alipomaliza kusalimia aliomba simu, akatoka nayo mpaka kwenye zizi.

"Shikamoo baba mkwe. Mimi Kaika. Nilikuwa naomba, kama hutojali, niulize basi. Hata kitenzi kimoja."

Upande wa pili Nanyokie alilia mara moja.

"Kukuuliza nini tena, mwanangu?" mwalimu akasema. "Mpe simu Pakiteng."